Kopo la Mama Daforoza

Juzi kijana mmoja anayefunga umeme wa jua hapa Ngara mjini alinitembelea na kidude kidogo kuliko kiberiti. Akakiweka kiganjani mwangu kwa fahari. "Shikamoo mzee. Hiki unakijua? Unaunganisha betri mbili au tatu, hata zisizolingana, na hakuna inayoila nyingine." Nikaitikia marahaba, nikavaa miwani, nikakigeuza huku na huku, nikamwambia nakijua tangu kilipokuwa na ukubwa wa kopo la mafuta na uzito wa jogoo. Akacheka sana. Alidhani namtania.

Sikuwa namtania, na ndiyo sababu nimeketi kuandika. Ninyi mnaoingia kazi hii leo mnanunua kidude hicho, diodi amilifu, dukani, mnaifunga kwa skrubu mbili, mnakwenda zenu kunywa chai. Vizuri, nendeni. Lakini mjue kwamba miaka ya wakimbizi, katika karakana ya mabati pembeni mwa kambi moja ya wilaya hii, mwanamke mmoja aliitengeneza kwa vipuri vya inveta zilizokufa, na mtu mmoja mwenye cheti akaiharibu, nusura amfukuzishe kazi. Mwenye cheti ni mimi.

Nianze na redio, maana bila redio hamtaona ukubwa wa alichofanya. Shirika lililotuajiri lilikuwa na vituo vya afya kambini, na kila kituo kilikuwa na redio ya upepo. Simu za mkononi hazikuwapo. Mgonjwa akizidiwa, mhudumu anabonyeza kitufe, anaita gari. Redio ikinyamaza, gari haliji, na mgonjwa anabebwa kwa machela mabegani, kupanda na kushuka vilima hivi mnavyovijua. Jenereta iliwashwa saa chache tu kwa siku ili kubana mafuta. Saa zilizobaki redio iliishi kwa betri, na betri zetu zilikuwa za kuokoteza: moja mpya, mbili nusu mfu, nyingine zimetolewa kwenye malori yaliyokuwa yamechoka kuliko madereva wake.

Utunzaji nao ulikuwa kichekesho. Nilimkuta katekista mmoja wa Nyakisasa ameiongezea betri ya kigango maji ya baraka, kwa hoja kwamba ndiyo maji safi pekee aliyokuwa nayo. Nikamweleza kwamba yale maji yametiwa chumvi, na chumvi huua betri. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama basi tunaweza kusema betri ile imekufa kifo chema. Nilimcheka njia nzima. Nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ufundi, na kijiji chetu kizima cha Murukulazo kilijua kwamba mtoto wao Filiberti ni fundi wa umeme. Sikujua kwamba zamu yangu ya kuchekwa ilikuwa karibu.

Ilikuja hivi. Kituo cha Gaudensia, muuguzi aliyekuwa pia mshika redio, kilikuwa na betri kuukuu ya lori, kubwa lakini dhaifu. Tukapata mpya, ndogo kidogo. Nikaziunganisha moja kwa moja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwa hesabu ya darasa la kwanza: moja na moja ni mbili. Siku ya tatu zote mbili zilikuwa zimeishiwa chaji kabisa. Nikazirudisha karakana kwa toroli, nikizifunika kwa gunia kama mtu aliyeiba kuku.

Aliyenipokea mlangoni ni Mama Daforoza. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mwanamke mfupi wa makamo, na kalamu ya risasi ilikaa daima ndani ya kilemba chake. Kwetu alikuwa kibarua wa kusafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi. Hatukujua kwamba kwao alikuwa ametumia miaka mingi akitunza betri za kituo cha simu. Hatukujua kwa sababu hatukumwuliza. Tulimpa ndoo na brashi, akavipokea, akasema asante.

Alifunua gunia langu, akagusa vichwa vya betri, akaniangalia.

"Filiberti, weye ulizifunga pamoja bila mlango kati yao?"

"Mlango gani, Mama?"

"Betri mbovu ni mgeni aliyekuja kukusaidia kulima, rakini anakula mbegu. Usipomwekea mlango, ile nzima itamlisha mpaka wote mlale njaa."

Nikaona aibu, kisha nikapata akili, au nilidhani nimepata. Diodi! Diodi huruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Nikabomoa dainamo za malori mabovu, nikatoa diodi nene, nikaweka moja kwa kila betri. Mezani ilifanya kazi vizuri. Nikazichaji upya zile betri mbili, nikaifunga kwa Gaudensia, nikasubiri kusifiwa. Wiki ile ile akaja mama mjamzito aliyekuwa na hali mbaya. Gaudensia akabonyeza kitufe, redio ikasema neno moja na nusu, ikazimika. Akabonyeza tena, ikazimika tena. Wanaume sita walimbeba yule mama mpaka barabara kubwa. Alifika mzima, na mtoto mzima, kwa neema ya Mungu na mabega ya watu wale.

Mama Daforoza hakunisema. Alichukua mita akanionyesha. Redio ikisikiliza tu, inakula umeme kidogo. Ikianza kusema, inavuta kwa nguvu, na hapo ile diodi nene inakata ushuru wake, karibu volti nzima. Betri iliyochoka kidogo ikitozwa volti moja, redio inaona haitoshi, inajizima. Kisha akaushika mkono wangu, akaugusisha mgongo wa vidole vyangu kwenye diodi iliyotoka kufanya kazi. Niliruka.

"Huo ndio umeme wa wagonjwa," akasema. "Unapasha hewa moto."

Hapa niwape jambo la kazi, mlishike. Kifaa usichokijua usikiguse kwa ncha za vidole wala kiganja, kiguse kwa mgongo wa vidole. Ngozi ya huko inahisi joto upesi, na umeme ukikupiga mkono unajikunja kukiacha, haukumbatii. Na joto linasema ukweli hata pale ambapo mita haina pa kuchomekwa. Chuo hawakunifundisha hilo. Nilifundishwa na kibarua wa kusafisha betri.

Mkuu wetu wa karakana alikuwa Bwana Maganga, Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe wa baba yake, mtu wa haki lakini mkali kama pilipili kichaa. Mama Daforoza akamwendea, akaomba zile inveta mbovu zilizorundikwa nyuma ya karakana. "Za nini, Mama?" "Nataka transista zake." Maganga akaniangalia mimi mwenye cheti, nikainua mabega. Akampa.

Kuanzia hapo nikaona ufundi. Nimefanya kazi na watu wengi baadaye, wengine wamesoma ng'ambo, lakini sijaona tena mikono ile. Alichomoa transista moja moja, akaipima kwa mita na balbu ya tochi, nzima akazichomeka kwenye kipande cha ndizi ya kupika zisipotee, mbovu akazitupa bila huruma. Alichora mchoro nyuma ya mfuko wa unga wa msaada. Sanduku alilitengeneza kwa kopo la mafuta ya kula ya mgao, akalikunja kingo zisimkate mtu. Nikimharakisha, anasema "buhoro buhoro", ambayo kwa Kihangaza chetu na Kirundi chao ni ile ile pole pole.

Wazo lenyewe ni rahisi likishaelezwa. Kila betri inapewa mlango wake, na mlango ni transista. Kando ya mlango kuna bawabu, kijichipu kinacholinganisha nguvu ya pande mbili. Betri ikiwa na nguvu kuliko njia inayokwenda kwenye redio, bawabu anafungua mlango wazi kabisa. Ikiwa dhaifu, anaufunga, ili mwenye nguvu asije akamlisha. Na mlango ulio wazi kabisa hautozi ushuru wa kuumiza: tulipima, ikawa kama moja ya kumi ya volti. Nilirudia kupima mara tatu nikidhani mita imeharibika. Mama Daforoza alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, anakula muhogo, anatabasamu.

Sasa sikilizeni lililofuata. Bwana Maganga alituita wote wawili, mimi na Mama. Alikuwa na barua mkononi na hakuwa na raha.

"Wametupunguza," akasema. "Mwezi ujao nabaki na fundi mmoja. Kopo la Mama lifungwe kwa Gaudensia kesho mchana, na keshokutwa saa tatu asubuhi nitakuja kulijaribu mwenyewe. Likishika, Mama anabaki, nitamwandika fundi. Lisiposhika, anabaki Filiberti. Mmenisikia?"

Tulimsikia. Mama Daforoza alikunja kanga yake vizuri, akasema, "Ego, bwana," yaani ndiyo. Kwake ile haikuwa kazi tu. Tangu avuke mpaka alikuwa namba kwenye kadi ya mgao, na hapa kuna mtu alikuwa tayari kuliandika jina lake na neno fundi pembeni yake.

Kesho yake ilikuwa siku ya mgao. Ukikosa foleni ya mgao umekosa chakula cha nyumba nzima, hakuna cha kueleza. Mama Daforoza akaniachia kopo mezani. "Mwanangu, liko tayari. Nenda ukalifunge. Mimi naenda kupanga foleni." Akaenda na gunia lake begani.

Nililifungua nilitazame mara ya mwisho. Laiti nisingelifungua! Nilipofuata nyaya kwa kidole nikaona transista zimekaa kinyume. Chuo walitufundisha mguu huu unatazama mzigo, mguu huu unatazama betri. Zake zote zilikuwa zimegeuzwa, kila moja. Nitawaambia ukweli ambao sikumwambia padre: nilifurahi. Kwa muda wa kupepesa macho nilifurahi kwamba na yeye amekosea, yeye aliyekuwa hakosei. Kisha ikaja huruma, nikajiambia Filiberti, mwokoe mama wa watu. Nikawasha chuma cha kuchomelea, nikazitoa zote, nikazirudisha nilivyofundishwa. Nikafanya kazi ile kwa unyenyekevu kama ninatengeneza tabenakulo ya kanisani. Nikalifunga kopo kwa Gaudensia, redio ikasema vizuri, nikarudi nyumbani napiga mluzi, nikipanga namna nitakavyomsimulia siku moja jinsi nilivyomwokoa.

Asubuhi iliyofuata saa tatu tulikuwa wanne katika chumba cha redio. Gaudensia akabonyeza kitufe. Redio ikakohoa, ikazimika. Akajaribu tena. Kimya.

Bwana Maganga akapima betri. Ile mpya ilikuwa imekauka chaji, na ile kuukuu ndiyo iliyoinuka kidogo. "Mama," akasema taratibu, "kopo lako limeua betri mpya."

Mama Daforoza alipiga goti, akagusa kopo kwa mgongo wa vidole. Upande wa betri mpya ulikuwa vuguvugu. Upande wa betri kuukuu, ambao mlango wake ulipaswa kuwa umefungwa na kupumzika, ulikuwa wa moto. Asiyefanya kazi hatoki jasho, na mlango huu wa kupumzika ulikuwa unatoka jasho. Akafungua kifuniko, akatazama ndani, akakirudisha polepole. Hakuniangalia. Angeniangalia ingekuwa nafuu.

"Kopo ni langu," akasema. "Nipeni saa moja."

"Saa moja hukuahidiwa," Maganga akajibu. "Niliahidi saa tatu."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na kichwani mambo yalikuwa yakifunguka moja baada ya jingine. Transista ya namna ile ina diodi yake ya kuzaliwa nayo, ndani kabisa, ambayo bawabu hawezi kuiamuru. Alikuwa amezigeuza makusudi, ili diodi ile ya kuzaliwa itazame upande wa kutoka tu. Mimi nilipozirudisha "sawasawa", niliifungulia betri mpya njia ya kumlisha yule mla mbegu. Kosa hilo mtu asiyesoma asingelifanya kamwe. Lilihitaji cheti.

Nikajua jambo la pili pia: nikikaa kimya, nabaki kazini. Hakuna aliyeniona. Yeye alikuwa mkimbizi, mimi mwenyeji, nani angemwamini? Nilikaa kimya, vijana wangu, kwa muda ambao hata leo unanitia haya. Mpaka alipoinuka, akachukua ndoo yake na brashi yake, vile vile tulivyompa siku ya kwanza, na kuanza kutoka.

"Ni mimi," nikasema. "Bwana Maganga, nilizigeuza mimi. Jana, akiwa kwenye mgao. Nilidhani amekosea."

Maganga aligeuka. "Ulidhani amekosea, au ulitaka nafasi yake?"

"Nilidhani amekosea."

"Ng'wanawane," akaniambia, neno la Kisukuma la kumwita mtoto wako, na alilisema kwa huzuni, "nitajuaje?"

Hakuna mita ya kupima hilo. Mama Daforoza alirudi, akaweka ndoo chini, akanyoosha mkono, nikampa chuma cha kuchomelea. Saa moja haikuisha, transista zikarudi alivyozipanga. Tulileta betri zilizochajiwa, nzima na mbovu vile vile, na kesho yake saa tatu redio ya Gaudensia iliita mpaka Biharamulo, ikajibiwa, ikaita tena. Gaudensia alipiga vigelegele. Bwana Maganga akatoa kalamu, akaandika jina la Mama Daforoza, na neno fundi.

Mimi nikarudi Murukulazo kupalilia maharage. Kupoteza kazi kuliniuma, lakini kilichonikata maini ni maneno. Habari ilikuwa imetangulia: Filiberti alimchimbia shimo mama wa watu, mkimbizi tena. Ukienda kanisani watu wanasogea kidogo. Mama yangu mzazi aliniuliza mara mbili, kwa upole, kama kweli sikukusudia.

Jumamosi ya tatu dereva mmoja akanipitishia salamu: Mama Daforoza anasema uje sokoni kambini, ulete mikono yako. Nikaenda. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na transista kumi za inveta, na somo likaanza pale pale, bila hotuba, bila kugusia yaliyopita. Nilikwenda Jumamosi hiyo na nyingi nyingine. Alinifundisha kukata nyaya za betri zote ziwe na urefu mmoja ili asionewe yeyote. Alinifundisha kwamba ukikuta kazi ya fundi mwingine inaonekana imekosewa, na imekosewa kwa mpangilio ule ule kila mahali, weka chuma chini uulize, kwa sababu kosa la bahati mbaya halijipangi. Hilo peke yake ningelijua mapema lingetosha kuwa elimu ya ujana wangu wote.

Vituo vya upande wa Biharamulo vilipoongezeka, Bwana Maganga aliniita tena. Yeye Mama hakuruhusiwa kutoka nje ya kambi bila kibali, kwa hiyo alitengeneza makopo, mimi nikayafunga. Niliyapeleka kwa malori ya msafara, nimeyapakata kama mayai. Kila kituo nilichofika niliwaambia, hili ni la Mama Daforoza, na ole wake atakayelifungua. Sikumbuki hata moja lililotunyamazia. Sijajivunia kitu maishani kama kubeba makopo ya mtu mwingine.

Tulifanya kazi hivyo miaka kadhaa, na suala la siku ile hatukulizungumza. Mimi niliogopa, na yeye hakuwa mtu wa kuchokonoa kidonda. Ikafika zamu ya watu wa kambi yetu kurejea kwao. Nikamsindikiza hadi Kabanga, mpakani. Malori yalikuwa yamesimama yakisubiri karatasi, jua la asubuhi limepanda, watu wamekalia magodoro yao. Nikaona nikinyamaza hapo nimenyamaza milele.

"Mama," nikamwambia, "zile transista. Sikuzigeuza kwa ubaya."

"Najua."

"Unajuaje? Bwana Maganga hakuwa na hakika. Mama yangu mwenyewe aliniuliza mara mbili."

"Nilipofungua kopo niliona ulivyochomelea. Kila kiungo kilikuwa kinang'aa. Hujachomelea vizuri namna ile kabla yake, na wala hujafanya hivyo tena." Akarekebisha kalamu kwenye kilemba. "Mtu anayeharibu kwa makusudi hajisumbui kiasi kile."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Weye hukuniuliza."

Dereva akawasha gari. Nikampandishia godoro lake na gunia lake la vipuri, nikabaki kando ya barabara, mtu mzima na koti langu la kazi, nacheka na kulia mbele ya watu.